Kichocho cha mkojo au cha tumbo: uchague kipimo kipi?

Majibu ya maabara yakisema "hakuna mayai ya kichocho", uliza kwanza mayai hayo yalitafutwa wapi. Minyoo ya kichocho ya Pemba hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake hutoka na mkojo. Ya Ukerewe hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na mayai yake hutoka na choo. Mvuvi wa Ukerewe anaweza kuchujiwa mkojo wiki nzima lisionekane yai hata moja, huku ini lake likiendelea kuharibika. Kipimo kimefanywa vizuri, sampuli ndiyo iliyokosewa.

Hapa tunalinganisha njia tano zinazotumika Afrika Mashariki: vijiti vya kupima damu kwenye mkojo, uchujaji wa mkojo, Kato-Katz (kuhesabu mayai kwenye choo), kipimo cha haraka cha CCA (antijeni ya minyoo kwenye mkojo), na PCR (vinasaba vya kimelea). Makala ni ya mtaalamu wa maabara wa zahanati, mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele wa wilaya, na yeyote anayepanga kupima shule au kijiji na hajui aagize nini.

Dozi ya praziquantel, dawa ya kichocho, ni ile ile kwa aina zote mbili za kwetu: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kwa mgonjwa mmoja aliyethibitika, aina ya kimelea haibadilishi kidonge. Inabadilisha mambo mengine mengi. Kichocho cha mkojo huharibu kibofu na mirija ya mkojo, huongeza hatari ya saratani ya kibofu, na kwa wanawake huumiza shingo ya kizazi na uke. Kichocho cha tumbo hufanya ini kuwa gumu na kuvimbisha wengu, na anayeachwa miaka mingi anaweza kuja akitapika damu. Ukijua aina, unajua ufuatilie kiungo gani, urudie kipimo gani baada ya dawa, na konokono yupi wa kumtafuta majini.

Ramani kwanza

Kwa muda mrefu kulikuwa na ubishi kama kichocho ni ugonjwa mmoja au miwili. Theodor Bilharz aliwaona minyoo hao Cairo mwaka 1851, lakini ubishi ulimalizwa huko huko Misri mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha kuwa kila aina ina konokono wake. Mpaka leo konokono ndiye anayechora ramani.

Schistosoma haematobium, wa mkojo, anahitaji konokono wa jamii ya Bulinus. Unguja na Pemba ni eneo lake, kupitia Bulinus globosus wa mito midogo na madimbwi. Ni wake pia ukanda wa pwani kuanzia Mtwara na Lindi hadi Tanga, kisha Kwale na bonde la Tana upande wa Kenya. Wengi husahau kwamba yuko hata bara, kusini mwa Ziwa Victoria: Misungwi, Kwimba, Maswa na Shinyanga, kwenye malambo na madimbwi ya mvua anamoishi Bulinus nasutus. Madimbwi hayo hukauka kiangazi na konokono hujificha kwenye tope. Mvua zikirudi, naye hurudi.

Schistosoma mansoni, wa tumbo, anahitaji Biomphalaria. Huyu ni wa ziwani, mitoni na kwenye mifereji: fukwe na visiwa vya Ziwa Victoria katika nchi zote tatu, Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma, Ziwa Albert na mto Nile nchini Uganda, majaruba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya na ya Moshi chini nchini Tanzania. Rwanda na Burundi kichocho kinachojulikana ni hiki. Kwa ndugu zetu walioko Oman, maambukizi ya Dhofar yalikuwa ya mansoni.

Kisha kuna maeneo ya mchanganyiko: bonde la Kilombero, Taita-Taveta, na ukanda wa Mwanza wenyewe, ambako ukitoka ufukweni ukaingia bara mwendo wa saa moja unaiacha aina moja na kukutana na nyingine. Uganda pia ina mfuko wa haematobium Lango, kaskazini, ingawa nchi karibu nzima ni ya mansoni. Kongo mambo ni mapana zaidi. Mashariki mansoni ndiye mkubwa, Katanga na Maniema wana haematobium, na bonde la mto Kongo ndiko alikoelezwa S. intercalatum, anayetaga mayai kwenye choo yanayofanana na ya haematobium.

Ramani pia husogea. Mangochi, kusini mwa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, palijulikana kwa haematobium. Mwaka 2017 konokono wa Biomphalaria walionekana pale, na baadaye watoto wakakutwa na mansoni. Kwa hiyo ramani ikusaidie kuamua uanze na sampuli ipi, isikuzuie kutafuta nyingine.

Mgonjwa mwenyewe ana ramani yake kichwani. Usimuulize anaishi wapi tu. Muulize alikulia wapi, anavua wapi, analima mpunga wapi, na likizo watoto huenda kwa bibi wa kijiji gani. Minyoo hii huishi miaka mingi mwilini, na mama anayeishi Dar es Salaam leo anaweza kuwa ameibeba kutoka kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kipimo tumekiuliza maswali yale yale. Kinaona aina ipi, na kinaweza kuzitofautisha? Kinashika maambukizi hafifu, au yale makali tu? Kinahitaji nini mezani? Hukosea wapi, na kwa nini? Kinamfaa nani?

La maambukizi hafifu lina uzito mkubwa siku hizi. Baada ya miaka ya ugawaji wa dawa mashuleni, watoto wengi waliobaki na kichocho wana minyoo michache na mayai machache. Kipimo kilichotosha kabisa zamani, nusu ya darasa ilipokuwa ikikojoa damu, sasa kinaweza kupita juu ya walioambukizwa.

Vijiti vya kupima damu kwenye mkojo

*Kinaona nini.* Hakioni kimelea. Kinaona damu, hata ile isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa mansoni hasababishi damu kwenye mkojo, kijiti chanya katika eneo la pwani kinaelekeza kwa haematobium, lakini hakithibitishi.

*Mezani.* Kikombe safi na kichupa cha vijiti, basi. Chovya, kung'uta ukingoni, subiri muda ulioandikwa kwenye kichupa (mara nyingi sekunde 60), linganisha rangi. Hakuna umeme, hakuna hadubini, na mwalimu aliyefundishwa vizuri anaweza kusoma.

*Hukosea wapi.* Hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya figo vyote hutoa damu. Msichana aulizwe kuhusu hedhi na muuguzi wa kike, pembeni, kabla ya kupewa kikombe, si mbele ya darasa. Upande wa pili, aliyetumia vitamini C kwa wingi anaweza kuficha damu iliyopo, na kichupa kilichoachwa wazi kwenye unyevu wa pwani huharibu vijiti vyote vilivyomo. Vijiti vya kichupa cha namna hiyo hutupwa, hata kama tarehe ya mwisho haijafika.

Udhaifu wake mkubwa hujitokeza maambukizi yanapopungua. Kijiji chenye kichocho kingi, karibu kila kijiti chanya ni kichocho kweli. Kijiji ambacho kichocho kimebaki kwa watu wachache, damu ya sababu nyingine haijapungua, kwa hiyo sehemu kubwa ya vijiti chanya si kichocho tena. Kijiti ni kile kile, kilichobadilika ni kijiji.

*Kinamfaa nani.* Zahanati ya eneo la haematobium isiyo na hadubini, na upimaji wa haraka wa shule unaotaka kujua kama tatizo lipo na ni kubwa kiasi gani. Kando ya Ziwa Victoria ufukweni hakina kazi.

Uchujaji wa mkojo

*Kinaona nini.* Mayai ya haematobium yenyewe, na kwa idadi. Kinachohesabiwa ni mayai kwa mililita 10 za mkojo: chini ya 50 ni maambukizi mepesi, 50 na zaidi ni makali, na mkojo wenye damu ya kuonekana kwa macho huhesabiwa makali.

*Hatua.* Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mwambie mtoto amalize mkojo wote ndani ya kikombe, kwani matone ya mwisho ndiyo yenye mayai na damu nyingi kuliko yale ya mwanzo. Tikisa au koroga kikombe kabla ya kuvuta mililita 10 kwa bomba la sindano. Funga kishikio chenye kichujio cha mikroni 12 (vya nailoni hufika 20), sukuma mkojo taratibu, fungua kishikio, vuta hewa, rudisha kishikio, sukuma tena ili mkojo uliobaki utoke. Toa kichujio kwa kibano, kiweke juu ya slaidi upande uliopokea mkojo ukitazama juu, dondosha tone la iodini, kisha pitia kichujio chote kwa lenzi ya 10×.

*Hukosea wapi.* Kosa la kila siku ni kutokutikisa. Mayai ni mazito na huzama. Kikombe kilichokaa mezani nusu saa kina mkojo msafi juu na mayai chini, na ukivuta wa juu umeandika sifuri ya uongo. La pili ni kuvuta bomba nyuma kishikio kikiwa bado kimefungwa, mayai yakarudi ndani ya bomba. La tatu ni kichujio kugeuzwa juu chini. La nne ni kuchelewa: mkojo ukikaa saa nyingi, hasa kwenye mwanga na ukiwa mwepesi, mayai huanguliwa na kubaki maganda. Kama hutasoma siku hiyo, ongeza mililita 1 ya formalini isiyochanganywa kwa kila mililita 100 za mkojo.

Vichujio vya nailoni huweza kuoshwa na kutumika tena, na bajeti ndogo hulazimisha hivyo. Kila kimoja lazima kiangaliwe chini ya hadubini baada ya kuoshwa, la sivyo yai la mtoto wa kwanza linampa ugonjwa mtoto wa pili kwenye rejista. Mkojo wenye damu nyingi huziba kichujio: chuja kiasi kinachopita, andika ni mililita ngapi, kisha kokotoa. Mayai 12 kwenye mililita 4 ni sawa na 30 kwa mililita 10.

Huna vichujio kabisa? Zungusha mililita 10 kwenye sentrifuji dakika 5 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, au uache mkojo utuame saa moja kwenye chombo chenye kitako chembamba, mwaga wa juu, usome mashapo. Idadi haitakuwa sahihi sana, lakini mwiba wa yai utauona.

*Kinamfaa nani.* Maabara yoyote yenye hadubini katika eneo la haematobium. Kwa maambukizi hafifu, kikombe kimoja hakitoshi, chukua siku mbili au tatu.

Kato-Katz

*Kinaona nini.* Mayai ya mansoni kwenye choo, pamoja na ya minyoo mingine ya tumbo: safura, minyoo mikubwa ya matumbo na minyoo mjeledi. Kwa kichocho, mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na zaidi makali.

*Hatua.* Selofani ilowekwe angalau saa 24 katika mchanganyiko wa gliserini, maji na rangi ya kijani ya malakaiti. Bonyeza choo kwenye wavu mdogo, kwangua kilichopita, jaza tundu la kigezo cha miligramu 41.7 mpaka lisawazike, inua kigezo, funika kwa selofani. Pindua slaidi kwenye sehemu laini na ubonyeze sawasawa. Mtihani wa zamani ni mzuri bado: weka slaidi juu ya gazeti, na kama maandishi yanasomeka kupitia kinyesi, unene unafaa. Hesabu mayai, zidisha kwa 24.

Mayai ya safura yasomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, maana gliserini huyafuta kabisa. Ya kichocho hayana haraka, na husomeka vizuri zaidi slaidi ikishang'aa. Anayezipanga slaidi zote zisomwe kesho asubuhi atapata kichocho sahihi na safura sifuri.

*Hukosea wapi.* Hapa hesabu inasema yote. Kigezo kimoja ni miligramu 41.7, kwa hiyo yai moja kwenye slaidi ni 24 kwa gramu. Mgonjwa mwenye mayai 10 kwa gramu ana wastani wa yai 0.4 kwa slaidi, yaani hata mayai yakiwa yametawanyika sawasawa, takriban slaidi mbili kati ya tatu zitakuwa tupu. Na hayatawanyiki sawasawa: hujikusanya mafungu mafungu ndani ya choo, na wingi wake hubadilika siku hadi siku. Ukitengeneza slaidi mbili kwa kila choo cha siku tatu, uwezekano wa zote sita kuwa tupu hushuka hadi chini ya mmoja kwa kumi. Ndiyo sababu ya kuomba choo cha siku tatu, ingawa kila fundi anajua watoto wangapi hurudi siku ya tatu na kikopo kitupu.

Choo cha kuhara hakifai. Hutiririka, hakijazi kigezo, na mgonjwa wa kichocho cha tumbo ndiye mara nyingi anayehara.

*Kinamfaa nani.* Maeneo ya mansoni yenye maambukizi ya kati na makali, utafiti unaotaka idadi ya mayai kabla na baada ya dawa, na wilaya inayotaka kujua kichocho na minyoo ya tumbo kwa slaidi moja. Gharama ya vifaa ni ndogo. Inayogharimu ni saa za mtu mwenye macho yaliyozoea.

Kipimo cha haraka cha CCA

*Kinaona nini.* Antijeni ambayo minyoo hai huitoa ndani ya damu, kisha ikachujwa na figo hadi kwenye mkojo. Watu wengi hukwama hapa: kinapima mkojo, lakini ni kipimo cha kichocho cha tumbo. Kwa mansoni hufanya kazi vizuri. Kwa haematobium uwezo wake ni mdogo na hauaminiki. Kukipeleka Pemba kwa sababu tu "kinatumia mkojo" ni kupoteza fedha za umma.

*Mezani.* Matone ya mkojo kwenye kaseti kadiri karatasi ya maelekezo inavyosema, na saa ya kupimia muda. Soma dakika ya 20. Mkojo unaweza kuchukuliwa saa yoyote ya siku.

*Hukosea wapi.* Mstari hafifu sana, ule unaoonekana ukiinamisha kaseti kwenye mwanga, umeleta mabishano mengi. Kuuhesabu chanya kunapandisha idadi ya wagonjwa wa kijiji, kuuhesabu hasi kunawaacha wenye minyoo michache. Timu iamue kabla ya kufungua boksi la kwanza, iandike uamuzi huo, na mistari hafifu iandikwe peke yake kwenye rejista ili hesabu iweze kufanywa kwa namna zote mbili. Toleo moja la kiwandani na jingine hutofautiana kwa ukali wa mistari, hivyo kila boksi jipya lijaribiwe kwa mkojo unaojulikana. Damu kwenye mkojo, maambukizi ya njia ya mkojo na ujauzito vimehusishwa na majibu chanya ya uongo.

Mahali mayai yamekuwa machache, CCA huwapata wengi ambao Kato-Katz imewaacha. Ramani ya wilaya iliyochorwa kwa Kato-Katz miaka ya nyuma haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya CCA ya leo. Asilimia ikipanda, huenda hakuna aliyeambukizwa zaidi, ni kipimo tu kilichobadilika.

*Kinamfaa nani.* Fukwe na visiwa vya Ziwa Victoria na Ziwa Albert, watoto wadogo wa chini ya umri wa shule ambao choo chao ni vigumu kukipata, na programu zinazopima maelfu kwa siku chache.

PCR

*Kinaona nini.* Vinasaba vya kimelea kwenye mkojo, choo au ute wa ukeni. Ndicho chenye macho makali kwa maambukizi hafifu, na ndicho kinachoweza kujibu swali la aina kwa undani. Hata hivyo inategemea umetafuta kipande gani cha vinasaba. ITS2 hukuambia ni Schistosoma. Sm1-7 hushika mansoni. Dra1 hushika haematobium, lakini haimtofautishi vizuri na jamaa zake kama S. bovis wa ng'ombe. Ukihitaji kujua kama kuna chotara, yaani kimelea mwenye vinasaba vya aina mbili, lazima usome mfuatano wa cox1 pamoja na ITS.

Chotara si jambo la kufikirika. Kisiwani Corsica, Ufaransa, watu waliooga mto Cavu mwaka 2013 waliambukizwa kichocho chenye vinasaba vya haematobium na bovis kwa pamoja. Pemba nako S. bovis amekutwa kwenye konokono wa Bulinus, ambao ndio hao hao wanaobeba haematobium. Anayepima konokono kwa Dra1 pekee Pemba anaweza kudhani kijito kinaambukiza watu, kumbe kinaambukiza ng'ombe.

*Mezani.* Maabara ya mkoa au ya utafiti, umeme wa uhakika, friza, mtaalamu, na fedha. Choo kihifadhiwe kwenye ethanoli kali.

*Hukosea wapi.* Choo kina kemikali zinazozuia mmenyuko, kwa hiyo bila kidhibiti cha ndani hasi haina maana. Vinasaba vya mayai yaliyonaswa kwenye nyama huweza kuendelea kutoka muda fulani baada ya minyoo kufa.

*Kinamfaa nani.* Maeneo yanayokaribia kutokomeza, utafiti wa chotara, na mayai yanayoleta utata.

Yai lenyewe, kwa karibu

Unapolitazama yai chini ya lenzi ya 10×, usikimbilie kuandika. La haematobium lina umbo la yai la kuku lililorefushwa, urefu wa mikroni 110 hadi 170, na mwiba mfupi kwenye ncha moja. La mansoni lina urefu wa mikroni 114 hadi 180, na mwiba mkubwa ubavuni, karibu na ncha moja. Yai la mansoni likilala vibaya, mwiba unakuwa chini au juu yake na huuoni. Gusa selofani au kichujio kwa ncha ya kibano taratibu ligeuke, kisha panda lenzi ya 40×. Yai hai lina kiluwiluwi kilichokunjwa ndani, na wakati mwingine utaona vinyweleo vikitikisika. Lililokufa huwa jeusi au limejikunja.

Mwiba wa pembeni kwenye mkojo una sababu mbili za kawaida: mkojo umechanganyika na choo, au mtu ana aina zote mbili na minyoo imevuka mipaka yake. Rudia mkojo, chukua na choo. Mwiba wa nchani kwenye choo unahitaji uangalifu zaidi. Inaweza kuwa haematobium. Ikiwa mtu ametoka Kongo, yai refu la mikroni 140 hadi 240 huenda ni la intercalatum. Na likiwa refu na jembamba kama mpini wa kusokotea uzi, muulize kama amekula maini au utumbo wa ng'ombe jana yake: mayai ya bovis hupita tu tumboni, na siku chache baadaye hayapo. Maabara yenye rangi ya Ziehl-Neelsen, ile ya kifua kikuu, ina silaha ya bei nafuu: maganda ya mansoni na intercalatum hushika wekundu, ya haematobium hayashiki.

Kwa konokono, mshike gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus. Biomphalaria ni bapa kama sarafu iliyokunjwa. Viluwiluwi vinavyotoka kwao, vyenye mikia ya panda, havitofautishiki kwa macho, kwa hiyo kuandika aina ya kichocho kwa kuangalia kiluwiluwi peke yake ni kubahatisha.

Uchague kulingana na hali yako

Zahanati ya pwani, Unguja au Pemba: kijiti kwa kila anayelalamika, na uchujaji pale hadubini ilipo. Anayekojoa damu waziwazi na ameoga mtoni, mtibu hata kama kichujio ni tupu.

Kituo cha afya ufukweni mwa ziwa: CCA kama inapatikana, Kato-Katz kama haipatikani. Kama unazo zote, tumia CCA kupata wagonjwa na Kato-Katz kujua ukali.

Misungwi, Kilombero, Taita-Taveta na sehemu zote za mchanganyiko: vikombe viwili kwa kila mtu, cha mkojo na cha choo. Hapa hakuna njia ya mkato.

Upimaji wa shule wa kuamua ugawaji wa dawa: unachohitaji ni kujua kama maambukizi yamefika asilimia 10, kiwango ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unashauri dawa kila mwaka kwa jamii nzima kuanzia umri wa miaka 2. Kwa uamuzi huo kijiti au Kato-Katz hutosha. Ukikaribia kutokomeza hazitoshi, ongeza uchujaji wa siku kadhaa au PCR.

Mwanamke mwenye maumivu ukeni, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyetibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa bila nafuu, na amekulia eneo la haematobium: mkojo wake unaweza kuwa hauna yai hata moja. Shingo ya kizazi iangaliwe kwa macho yanayojua kutafuta mabaka kama mchanga, na ute upimwe PCR ikiwezekana. Usimrudishe nyumbani kwa sababu ya kichujio kitupu.

Mgeni au ndugu aliyeishi Ulaya au Ghuba, akaja likizo na kuoga ziwani: mayai ya mansoni hayatoki kabla ya wiki 5 hadi 7, ya haematobium huchukua wiki 10 hadi 12. Kwake kipimo cha kingamwili za damu kinafaa, baada ya wiki 6 hadi 12. Kwa aliyekulia kijijini hakifai, maana kingamwili hubaki miaka hata minyoo ikiisha.

Kurudia kipimo baada ya dawa: wiki 4 hadi 6, kwa sampuli ile ile na njia ile ile ya mwanzo. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga, kwa hiyo mayai yakionekana tena huenda ni ya minyoo iliyokuwa bado haijakomaa siku ya dozi. Mayai meusi yaliyokufa nayo huendelea kutoka wiki kadhaa. Ukiwa na shaka, weka mashapo ya mkojo kwenye maji safi yasiyo na klorini, karibu na mwanga, na uangalie baada ya saa moja au mbili kama kuna viluwiluwi vinavyoogelea. Vikiwepo, mpe dozi nyingine.